Haidrokotizoni kwa pumu ya ngozi ya mwanangu: uzoefu wangu

Mwanangu ana miaka minne. Pumu ya ngozi (ukurutu) ilimwanza hata mwaka hajatimiza: mashavuni kwanza, kisha ndani ya viwiko na nyuma ya magoti. Usiku alikuwa akijikuna mpaka shuka inapata damu.

Nilianza vibaya. Jirani alinielekeza dawa ya kupaka iitwayo klobetaso, nikainunua duka la dawa bila kuandikiwa. Siku tatu tu ngozi ikawa laini, nikampaka hadi usoni. Nilipoacha, ukurutu ukarudi mkali kuliko mwanzo. Baadaye ndipo nikajua kwamba klobetaso iko kwenye kundi la steroidi (dawa za kutuliza uvimbe na muwasho) zilizo kali kabisa, ndiyo hiyohiyo wengine wanayochanganya kwenye mkorogo. Nikaogopa, nikatupa kila kitu, na mtoto akateseka wiki tatu kwa hofu yangu.

Daktari wa ngozi alitupa haidrokotizoni asilimia 1, steroidi isiyo kali, ya usoni, na betamethasoni, iliyo kali zaidi, ya kwenye mikunjo pale tu inapowaka, zisizidi siku saba. Akanishika kidole cha shahada, akakamua dawa kutoka nchani mpaka mstari wa pingili ya kwanza. Hiyo ni kama nusu gramu, inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima, pamoja na vidole. Kumbe mimi ningempaka kiduchu mno, na isingefanya kazi!

Nampaka mara moja kwa siku, baada ya kuoga jioni. Mafuta ya mgando nampaka kama dakika ishirini baadaye, na hayo hayakatizwi hata ngozi ikiwa safi. Haidrokotizoni ya mafuta naipenda kuliko ya krimu, maana krimu ilikuwa ikimchoma penye mipasuko.

Siku ya tano alilala usiku kucha. Nililia.

Akina mama wenzangu, tafadhali msinunue zile tyubu zenye dawa tatu ndani (steroidi, ya fangasi na ya bakteria) kwa kubahatisha. Kama ni fangasi, steroidi inaficha dalili huku ugonjwa unasambaa. Ukiona usaha au ukoko wa njano, mpeleke hospitali. Karibu na macho usipake bila kuambiwa na daktari.

Haidrokotizoni naipa nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa sababu karatasi ya maelezo kwenye boksi langu ilikuwa Kiingereza kitupu, na kipimo cha kidole hakimo.