Kiota cha kulalia mtoto mchanga: tumekitumia wiki saba, sasa nawaambia

Haya, karibuni. Leo hapa mezani nina kitu ambacho wengi mmekuwa mkikiulizia: kiota cha mtoto mchanga. Kwa ambaye hajakiona, ni kigodoro chembamba kilichozungushiwa kingo nene, laini, kama boya. Mtoto analazwa katikati, kingo zinamkumbatia, na kwenye tangazo kila mtoto amelala fofofo huku wazazi wamekaa pembeni wanatabasamu, nywele zimechanwa. Sisi tulikinunua mtoto akiwa na siku nne. Jamani, siku nne! Mtu hajalala siku nne, mwonyeshe chochote kilichoandikwa usingizi, atakinunua.

Kampuni siitaji, kwa sababu viota hivi vinatengenezwa na wengi na shida iko kwenye umbo lenyewe. Na sijalipwa na mtu.

Mazuri yake yapo. Kitambaa ni pamba, kinavulika, kinafulika, na pamoja na kufuliwa karibu kila siku hakijachuja. Ushonaji imara. Chepesi, unakibeba mkono mmoja na mtoto mkono mwingine. Hapo sina neno.

Sasa tuje kwenye usingizi. Nasogeza kamera muone vizuri. Naweka kiganja katikati ya kigodoro, nakandamiza, moja, mbili, tatu, naondoa. Mnaona? Alama ya vidole vyangu bado ipo. Godoro la mtoto ukilibonyeza linatakiwa lirudi palepale, kwa sababu panapobonyea ndipo kichwa kinapozama, na uso ukigeuka unakutana na kitambaa. Na hizi kingo nazo, subirini. Naegemeza pua yangu hapa, napumua kawaida tu... Hewa yangu mwenyewe inanirudia, ina moto. Hii ni pumzi ya nne na tayari nataka kutoa uso. Mimi nitautoa. Mtoto wa mwezi mmoja na nusu shingo yake haina nguvu hiyo, na akiendelea kuvuta hewa aliyokwisha kuitoa, oksijeni inapungua na kaboni dayoksaidi inapanda. Wengi watashtuka na kulia. Wako ambao hawashtuki, na huo ndio msiba wenyewe.

Hayo nisingeyasema kwa ukali huu kama nisingeyaona. Wiki ya saba, saa kumi alfajiri, niliamka bila sababu. Hakukuwa na kilio wala sauti. Nikawasha taa ya simu, nikamkuta ameteleza upande, shavu na pua vimezama kwenye ukingo, kofia imeshuka hadi machoni. Nilimwinua kwa pupa mpaka akalia, na sijawahi kufurahia kilio kama kile. Mke wangu aliamka akauliza kuna nini. Nikamwambia hakuna kitu. Asubuhi ndiyo nilimwambia.

Ndipo nikaanza kusoma kama mtu anayejiandaa kwa mtihani. Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani, kwenye mwongozo wake wa 2022, kinasema mtoto alale chali kila usingizi, wa mchana na wa usiku, juu ya sehemu ngumu, tambarare, isiyoinama. Mwaka huohuo Marekani ilipitisha sheria ya kupiga marufuku vilalio vya watoto vilivyoinama zaidi ya digrii 10, pamoja na zile kingo za sponji zinazofungwa kuzunguka kitanda cha mtoto. Nikakitazama kiota changu. Hiki ni nini kama si kingo za sponji zilizotembea zikatoka kitandani?

Kuhusu hizo digrii, mzazi mwenye kile kiti cha kulaza mtoto nusu amekaa, simu nyingi zina pimamaji, yaani kipimo cha mwinamo, ndani yake. Ilaze pale mgongo wa mtoto unapokaa, usome namba. Mtoto akilala kwenye mwinamo, kidevu kinaangukia kifuani na njia ya hewa inajikunja kama mpira wa kumwagilia maji. Hata kiti cha gari ni hivyohivyo: safarini kinamlinda, lakini mkifika mtoe, mlaze panapofaa.

Sasa kuna lile la chali. Mama yangu alipokuja kumwona mjukuu, jambo la kwanza alimgeuza ubavu na kumsindika taulo mgongoni. "Akicheua atapaliwa." Sikumbishia pale pale, kwa sababu enzi anatulea sisi, hata wataalamu walishauri hivyo. Baadaye nikamchorea kwenye karatasi. Mtoto akilala chali, bomba la hewa linakuwa juu na umio, njia ya chakula, unakuwa chini yake. Akicheua, maziwa yanatakiwa yapande mlima ndipo yaingie kwenye hewa. Ukimgeuza kifudifudi, mlima unakuwa mteremko. Na ubavu ni njia fupi ya kufika kifudifudi. Uingereza ilianza kampeni ya kulaza watoto chali mwaka 1991, Marekani 1994, na vifo vya ghafla vya watoto wachanga usingizini vikapungua kwa zaidi ya nusu katika miaka iliyofuata. Mama aliitazama ile karatasi, akakunja taulo lake, akasema basi mzazi ni wewe. Sijui kama ilikuwa sifa au lawama.

Kuna walioniuliza kuhusu soksi yenye kihisio, ile inayopima mapigo ya moyo na oksijeni. Tuliazimwa moja. Ililia saa tisa usiku mara mbili, mara zote soksi imechomoka mguuni na mtoto mzima kabisa. Mwongozo niliousoma unasema usitegemee vifaa hivi kupunguza hatari. Tuliirudisha.

Kwa sasa anakolala mwanangu ni hapa. Ndiyo, ni hivi tu. Godoro gumu, shuka moja iliyobana, hakuna mto, blanketi wala mwanasesere. Mke wangu aliposhusha yule sungura mkubwa alisema kitanda kimekuwa kama cha mfungwa. Badala ya blanketi anavaa mfuko wa kulalia wenye matundu ya mikono. Nikitaka kujua kama amepata joto kupita kiasi nashika kifua au shingo, maana viganja vyake huwa vya baridi muda wote na vilitudanganya sana mwanzoni. Kitanda kiko chumbani kwetu, na kitakaa hapo angalau mpaka atimize miezi sita, kwa kuwa vifo hivi vingi hutokea kabla ya umri huo.

Na usiku ukiwa umechoka hoi, usimnyonyeshe wala kumbembeleza kwenye sofa. Kusinzia na mtoto kwenye sofa ni hatari kuliko kusinzia naye kitandani, ingawa kitandani nako ukishtuka tu unamrudisha kwake.

Kwa hiyo alama. Kama kilalio cha usiku: sifuri, na ningeweza kwenda chini ya hapo ningeshuka. Kama mahali pa kumweka sakafuni akiwa macho, nami nimekaa hapohapo nikimtazama: sita kwa kumi. Ila hata hiyo kazi siku hizi hakiifanyi, maana kila nikikitandika nakuta paka ameshaingia, amejikunja katikati, na yeye anakisifia kweli. Ngoja nikazime kamera, nasikia mtu ameamka kule.