Uzoefu wangu Shangani, Mtwara: baiskeli yangu ilitupwa mvuani

Nimepanga kwenye ghorofa hili mwaka na zaidi. Maji yapo, upepo wa bahari upo. Shida ni korido.

Juzijuzi, zile mvua za mfululizo, natoka alfajiri niwahi kazini Mikindani, baiskeli niliyoiacha koridoni haipo. Naikuta nje, imelazwa kwenye dimbwi karibu na shimo la taka, karia imepinda, tope limeingia mpaka kwenye gololi. Kwa hewa hii ya chumvi, cheni ikilowa hivyo, siku mbili nyingi, imeshashika kutu.

Nikamuuliza msimamizi kwa adabu, "Kaka, si ungenigongea tu?" Hata salamu hakuitikia. "Baiskeli peleka kijijini. Hapa wanaishi wenye magari." Mwanangu amesimama pale pale, anasikia.

Baadaye akaleta hoja ya moto, kwamba korido ni njia ya kukimbilia. Hiyo naikubali kabisa. Moshi ukijaa, mtu asijikwae kwenye tairi. Lakini geti la nyuma, ambalo ndiyo njia ya pili ya kutokea, linapigwa kufuli kila usiku, na mbele yake imerundikwa mifuko ya saruji iliyoganda. Mbona hiyo haitupwi mvuani?

Na nafasi ipo! Chini ya ngazi kumejaa masinki mabovu. Yatolewe, zipigwe ndoano ukutani, baiskeli zining'inie kwa gurudumu la mbele, nne zinaenea bila kumzuia mtu. Nyumba za kale za Mikindani zina baraza, kwa sababu waliozijenga walijua mtu hukaa na jirani yake mlangoni. Huku kwetu hata pa kuegemea hapakufikiriwa.

Nilishaandika "msihamie hapa". Nikafuta. Jioni ile ile jirani wa mlango wa pili alitandika mkeka koridoni, watoto wakafanya hesabu chini ya taa, bibi wa chini akapandisha korosho za kuchoma, na kijana mmoja akaninyooshea karia kwa nyundo, hela akakataa. Majirani wa hivi sijawahi kupata popote. Nikasema, watu waje.

Asubuhi nakuta tangazo ukutani: mikeka marufuku koridoni.

Basi, mwenye watoto au baiskeli asisogee hapa mpaka huyu msimamizi abadilishwe. Yangu inalala sebuleni, juu ya maboksi, na kila asubuhi nafuta kutu sakafuni.