Seva ya tundu moja kwa kazi mbili: nzuri ikiwa imewashwa

Nianze na hukumu, mwenye haraka aondoke nayo. Seva ni nzuri. Usimamizi wake wa mbali nao ni mzuri. Tabu iko pale walipovipitisha vyote viwili kwenye tundu moja la mtandao, kisha wakaandika kijitabu cha maelekezo kana kwamba swichi ya mtandao ya mnunuzi haina mipangilio yoyote. Mwenye swichi ya kuchomeka tu na kuondoka hataelewa nalalamikia nini. Mwenye VLAN (mitandao iliyotengwa ndani ya swichi moja), nyaya zilizofungwa pamoja na ulinzi wa matundu, akae mkao wa kusoma.

Yenyewe ni seva ya uniti moja ya kwenye raki, daraja la chini, yenye matundu mawili ya gigabiti. Ndani yake kuna BMC, kile kikompyuta kilichobandikwa kwenye ubao mama ambacho hubaki macho hata seva ikiwa imezimwa, alimradi waya wa umeme umechomekwa. Hicho ndicho unachozungumza nacho ukitaka kuwasha seva ukiwa kitandani, kusoma joto la prosesa au kuona skrini ya BIOS bila kushuka kwenye chumba cha seva. Seva za daraja la juu huipa BMC tundu lake. Hapa inatumia tundu la kwanza la seva: kadi moja, waya mmoja, anwani mbili za MAC (utambulisho wa kifaa kwenye mtandao). BMC ni mpangaji tu, mwenye nyumba ni mfumo endeshi, na mwenye nyumba akiamua kubadilisha kitasa hamwambii mtu.

Mazuri nitayataja upesi kwa sababu hayana mgogoro. Konsoli inafunguka ndani ya kivinjari bila Java, jambo ambalo waliowahi kuhangaika na konsoli za zamani watalishukuru. Sensa za feni na joto zinasema kweli. Inaongea IPMI 2.0, kiwango cha kusimamia seva kwa mbali, na Redfish pia. Ndiyo, najua IPMI ni mzee: Intel, Dell, HP na NEC waliitoa mwaka 1998, toleo la 2.0 likaja 2004, na Redfish iliyokuja kuirithi ni ya 2015. Bado kila asubuhi vidole vyangu vinaandika ipmitool, amri ya kuongea IPMI, kabla sijafikiri. Kati ya BMC na kadi ya mtandao kuna njia ya pembeni ya NC-SI, ambayo kasi yake ni megabiti 100 kwa sekunde. Kwa kutazama skrini na kusoma sensa inatosha. Kwa kusakinisha mfumo mzima kutoka faili la ISO lililoko kwenye kompyuta yako, tafuta kazi nyingine ya kufanya wakati unasubiri.

Sasa tundu lenyewe. Upimaji wa kwanza ambao karibu kila mtu huufanya ndio unaodanganya kuliko wote. Unaingia ndani ya seva, unapiga ping kwenye anwani ya BMC yake, kimya. Unaanza kuilaumu fimwea. Kilichotokea ni kwamba pakiti imetoka kwenye tundu la kwanza, imefika kwenye swichi, na swichi imeona mlengwa yuko kwenye tundu lilelile pakiti ilikotoka. Swichi hairudishi fremu kule ilikotoka, inaitupa. Zipo kadi zenye njia ya ndani ya kukwepa hilo, hii haina. Pima ukiwa kwenye kompyuta nyingine. Ukiwa ndani ya seva, tumia njia isiyopita mtandaoni kabisa: ipmitool lan print 1. Hapo utaona anwani ya IP, geti na namba ya VLAN ambayo BMC inaamini ndiko iliko. Ukikuta geti ni 0.0.0.0, kama ilivyokuwa kwenye hii ilipotoka kwenye boksi, usishangae kwamba walio kwenye mtandao uleule wanaipata na walio upande wa pili wa ruta hawaipati. Na BMC ikigoma kabisa, ipmitool mc reset cold huiwasha upya yenyewe tu. Mfumo endeshi hauguswi, na watumiaji hawajui kama kuna kilichotokea.

Ugonjwa ulioninyima usingizi ni mwingine. BMC ilikuwa inafunguka kwa fundi wa mitandao, kwangu haifunguki, na sote tumekaa meza moja, VLAN moja, swichi moja. Tukabadilishana nyaya. Tatizo halikufuata waya, lilifuata kompyuta. Kompyuta yake ilipata kila mara, yangu haikupata hata mara moja, na hakuna kanuni yoyote ya kuzuia mtu iliyowekwa popote.

Jibu lilikuwa kwenye tundu la pili, ambalo hakuna aliyekuwa analitazama. Niliingia ndani ya seva nikaendesha tcpdump, programu ya kunasa pakiti, kwenye eno2, ndilo jina la tundu hilo, nikichuja fremu zinazokwenda kwenye anwani ya MAC ya BMC. Zikaanza kushuka kwenye skrini moja baada ya nyingine: maombi yangu yote, kila moja likiwa na anwani sahihi, yakiingia kwenye tundu ambalo BMC haina sikio. Seva ilikuwa imefunga matundu yake mawili pamoja kwa LACP ili kupata kasi na akiba. Kwa swichi, matundu hayo mawili ni njia moja pana. Ikijifunza kwamba BMC iko upande ule, inajifunza kwamba iko kwenye njia, haijui ni kwenye uzi upi. Pakiti zinazokwenda huko inazigawa kwa hesabu inayotokana na anwani za mtumaji na mpokeaji. Hesabu ya kompyuta ya mwenzangu iliangukia uzi wa kwanza, ya kwangu uzi wa pili. Kadi ya pili inapokea fremu, inaona si ya seva, inaiacha ife. Kwa vile hesabu haibadiliki mpaka anwani zibadilike, aliyebahatika anabahatika daima na asiyebahatika anabaki kuonekana mwongo.

Dawa ni kuachana na LACP kwenye matundu hayo na kuifunga seva kwa mtindo wa active-backup, yaani tundu moja linafanya kazi na lingine linasubiri, na kwenye swichi kila tundu linabaki peke yake. Unapoteza kasi ya kuongeza, ambayo kwa seva ya daraja hili wengi hawaitumii hata hivyo. Wakubwa wako waking'ang'ania LACP, usipoteze siku, nunua moduli ya tundu maalumu la BMC peke yake. Kijitabu kina kurasa nzima kuhusu rangi za taa za mbele, na kuhusu hili hakina hata sentensi.

LACP ina ubaya mwingine unaojitokeza seva ikizimwa. Anayeongea LACP na swichi ni mfumo endeshi. Ukizima, mazungumzo yanakatika, na swichi nyingi husimamisha matundu ambayo mwenzake hajibu. Yaani BMC inapotea pale tu seva ilipozimika, saa ileile uliyoinunulia. Baadhi ya swichi zina mpangilio wa kuruhusu tundu lifanye kazi peke yake likikosa mazungumzo. Uulizie kabla hujahitaji.

Hata bila LACP, kuna suala la kuwashwa upya. Kadi ya mtandao huangusha kiungo kisha kukiinua tena seva inapoanza, na mara nyingine draiva ya mfumo endeshi inapoishika. Kila kikianguka, swichi yenye spanning tree ya kawaida (kinga ya mizunguko kwenye mtandao) hulishikilia tundu kwa sekunde 15 za kusikiliza na 15 za kujifunza kabla ya kuruhusu chochote kipite. Jumla sekunde 30. Ndani ya sekunde hizo 30 skrini ya BIOS imeshakuja na imeshaondoka, na ulitaka kubonyeza F2. Tundu la swichi lipangwe kuwa la pembezoni, lile linalofunguka papo hapo. Ukiona konsoli inakatika kila mara wakati uleule wa uwashaji, usiguse BMC, anza hapo.

Halafu kasi. Seva ikiwa imezimwa, kadi hushuka hadi megabiti 100 au hata 10 ili kubana umeme. Swichi iliyofungwa kwenye 1000 peke yake haitakubali kushuka nayo, na taa inazima. Kuna watu hufunga kasi kwa mkono wakiamini wanaongeza uthabiti. Kwenye tundu hili waache zipatane zenyewe.

Ulinzi wa matundu nao ni mtego mdogo. Swichi ikiruhusu anwani moja tu ya MAC kwa tundu, BMC ikisema neno la kwanza inahesabika kuwa mgeni, na tundu linafungwa lote, pamoja na kazi za watumiaji. Ujumbe niliopokea ulikuwa mfupi: “Bosi, tundu lako limejifunga lenyewe.” Ruhusa iwe anwani mbili, basi.

Kuna jambo moja la ajabu ambalo naliandika kwa ajili ya yule atakayelitafuta usiku wa manane. Kadi inayobeba BMC huchuja pakiti za UDP zinazokuja kwenye poti (namba za milango ya programu) 623 na 664, inazipeleka kwa BMC, na mfumo endeshi hauzioni kamwe. Sasa programu fulani za zamani, hasa za familia ya RPC (zinazoitana kupitia mtandao), hujichagulia zenyewe poti ya chini ya 1024. Siku ikiangukia 623, jibu lake linamezwa. Dalili ni kwamba faili za mtandaoni zinaganda mara chache sana bila mpangilio, na ukianzisha upya zinapona. Ndiyo maana kerneli ya Linux huanza kuchagua poti za RPC kuanzia 665. Ukiona namba hiyo kwenye mpangilio wa sunrpc.min_resvport usidhani mtu aliiokota tu.

Usalama sitaupamba. BMC ikikaa kwenye waya wa watumiaji bila VLAN yake, kila aliye kwenye mtandao huo anaweza kubisha mlango. Mwaka 2013 Dan Farmer alianika udhaifu wa IPMI hadharani, na mmoja wake hauna kiraka kwa sababu umo ndani ya kiwango chenyewe: IPMI 2.0 humpa anayeuliza heshi ya nenosiri (alama iliyokokotolewa kutokana nalo) kabla hajathibitishwa, akakae nayo nyumbani aivunje taratibu. Kwa hiyo nenosiri liwe refu hadi kikomo cha herufi 20, cipher 0, inayoruhusu kuingia bila nenosiri sahihi, izimwe, na BMC ihamishiwe VLAN yake kwa ipmitool lan set 1 vlan id ikifuatiwa na namba. Kumbuka kuipitisha VLAN hiyo ikiwa na lebo kwenye tundu la swichi kabla ya kubonyeza Enter, la sivyo utakayefuata kuongea naye ni mlinzi wa chumba cha seva.

Huduma kwa wateja walijibu haraka na kwa adabu. Jibu lenyewe lilikuwa kusasisha fimwea. Nikasasisha, ukurasa wa kuingilia ukapata rangi mpya.

Nani anunue? Mwenye seva chache, swichi moja, na mtandao usio na mbwembwe, achukue bila wasiwasi. Anaokoa waya na tundu la swichi kwa kila mashine, na kwenye raki iliyojaa hilo si dogo. Mwenye seva asizoweza kuzifikia kwa miguu aongeze moduli ya tundu maalumu siku hiyohiyo ya kununua. Na yeyote atakayeipokea asimalize kazi kabla ya jaribio hili: azime seva kabisa, asubiri zaidi ya sekunde 300 ambazo swichi nyingi hukumbuka anwani, kisha aiwashe akiwa mbali na aingie BIOS. BMC inayojibu seva ikiwa imewashwa haijathibitisha kitu. Kwa seva natoa nyota nne kati ya tano, kwa tundu la pamoja mbili.

Mimi nimeshaweka moduli kwenye zilizo muhimu. Angalizo kwa atakayefanya hivyo: inakuja ikiwa kwenye chaguo la kujiamulia, ambapo BMC hutazama tundu maalumu inapopata umeme, na ikikosa kiungo hurudi kwenye tundu la pamoja. Umeme ukikatika na kurudi, BMC huamka kabla ya swichi, haioni kiungo, inahamia VLAN isiyo yake na kukaa huko. Chagua tundu maalumu peke yake, hifadhi, kisha chomoa waya wa umeme na kuurudisha uone kama imetii.