Windows 11: usihamishwe kwa presha, na ukihama funga haya

Karibuni watazamaji. Leo tunaichambua Windows 11 kwa mambo mawili: presha ya kukutoa Windows 10, na taarifa zako zinazotoka kwenye kompyuta ukishahama.

Tarehe kwanza. Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta yako haizimiki kwa sababu hiyo. Kilichokoma ni masasisho ya usalama ya bure, na hilo si dogo: tundu jipya likigunduliwa, wahalifu wanalijua na wewe huna cha kuliziba. Tarehe ni ya kweli. Tatizo ni ule ujumbe unaojaa skrini nzima ukikusukuma kwenye kompyuta mpya, wakati muda wa nyongeza upo.

Unaitwa ESU (Extended Security Updates), yaani masasisho ya usalama ya muda wa nyongeza. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, uhakikishe uko toleo la 22H2. Kisha ingia Settings, Update & Security, Windows Update, utafute Enroll now. Unapata masasisho ya usalama hadi 13 Oktoba 2026. Unalipa dola 30, au unatoa pointi 1,000 za Microsoft Rewards, au hulipi kitu ukikubali mipangilio yako ihifadhiwe kwenye seva zao. Njia zote zinadai akaunti ya Microsoft, hata hiyo ya kulipa. Hapo siwaungi mkono kabisa. Kwa watumiaji wa Eneo la Kiuchumi la Ulaya, huduma hiyo ilitolewa bure bila sharti la kuhifadhi mipangilio. Maana yake sharti hilo halikuwa la kiufundi. Ni uamuzi wa kibiashara, na sisi huku tumeachiwa nalo.

Sasa, mashine yako inakubalika? Kwenye karatasi inatakiwa RAM ya GB 4, diski ya GB 64, TPM 2.0 (kijenzi cha usalama kinachotunza funguo), Secure Boot (kinga inayokagua programu mashine inapowaka), na kwa jumla prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au Ryzen, ya AMD, ya mfululizo wa 2000 kwenda mbele. GB 4 ni mateso, nawaambia wazi. Bila GB 8 na SSD usihame. Na wanaonunua laptopu zilizotumika, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, sikilizeni: EliteBook 840 G3 na ThinkPad T460 ni kizazi cha 6, hazimo. 840 G5 na T480 mara nyingi zimo, ila zipo zilizotoka na prosesa ya kizazi cha 7. Kwa hiyo usinunue kwa jina la modeli. Mwambie muuzaji aiwashe, usome prosesa yenyewe: i5-8350U inakubalika, i5-7300U haikubaliki.

Ukiambiwa hakuna TPM, usikimbilie dukani. Andika tpm.msc kwenye Run, kile kidirisha cha Windows pamoja na R. Ikisema haioni TPM, huenda imezimwa tu kwenye BIOS, yaani mipangilio ya mashine inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. Itafute kwa jina la PTT kwenye Intel, fTPM kwenye AMD. Kabla ya kugusa BIOS, sitisha BitLocker, ile inayosimba diski, kama imewashwa, la sivyo unaweza kudaiwa ufunguo wa tarakimu 48. Secure Boot nayo ikigoma, mara nyingi diski bado ni MBR, mpangilio wa zamani, badala ya GPT. Hifadhi mafaili yako kwingine, fungua Command Prompt kama msimamizi, andika mbr2gpt /validate /allowFullOS. Ikipita, rudia ukiweka /convert badala ya /validate, kisha ubadilishe BIOS kwenda UEFI, njia mpya ya kuwasha mashine. Ukiisahau hiyo hatua ya mwisho, mashine haitawaka.

Umeshahama. Cha kwanza ni OneDrive, kwa sababu inagusa faragha na bando kwa pamoja. Inaweza kuanza kupandisha Desktop, Documents na Pictures bila wewe kuelewa ulikubali lini, na nafasi ya bure ni GB 5 tu. Ikijaa, unaanza kuombwa ulipie. Bonyeza alama ya wingu, Settings, Sync and backup, Manage backup, uzime folda moja moja. Baada ya kuzima, mafaili unaweza kuyakuta kwenye folda ya OneDrive, si pale ulipoyazoea. Yarudishe mwenyewe kabla hujafuta chochote. Halafu kwenye Wi-Fi yako washa Metered connection, bando lipumue.

Kwenye Privacy & security, ingia Diagnostics & feedback, zima Optional diagnostic data. Ile ya lazima haizimiki kwenye Home wala Pro. Zima na kitambulisho cha matangazo.

Angalia pia Device encryption. Ni kinga nzuri laptopu ikiibiwa, ila ufunguo wa kuokoa data unawekwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Ukipoteza akaunti, data inaweza kupotea moja kwa moja. Chapisha ufunguo huo, uuweke mbali na laptopu.

Recall je? Ilitangazwa Mei 2024: inapiga picha za skrini yako kila baada ya muda mfupi ili uweze kutafuta ulichokiona. Watafiti wa usalama walionyesha kwamba hifadhidata yake ilisomeka kirahisi, Microsoft ikaiahirisha, ikairudisha Aprili 2025 ikiwa imesimbwa na inawashwa kwa hiari. Ipo kwenye kompyuta za Copilot+ tu, zile mpya zilizoundwa kwa kazi za AI, zenye RAM ya GB 16 kwenda juu, kwa hiyo wengi wenu haiwahusu. Wenye nazo, fungua Turn Windows features on or off, toa alama kwenye Recall, uwashe upya. Na kumbuka, ujumbe uliomwandikia mtu mwenye Recall unaweza kupigwa picha kwake. Programu ya ujumbe ya Signal iliweka kinga dhidi ya hilo Mei 2025, iache imewashwa.

Mashine ikikataliwa kabisa, weka Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, kwenye flashi, uiwashe humo bila kusakinisha. Jaribu Wi-Fi, sauti na printa yako. Vikifanya kazi vyote, hiyo laptopu usiiuze.