Nyaya ndani ya usukani mrefu: uzoefu wangu na Sportster

Ukinunua usukani mrefu wa pikipiki, wa kupitishia nyaya za swichi kwa ndani, usianze na kromu, anza na mashimo. Picha za wauzaji zimepigwa kwa mbele, zote zinang'aa, na mashimo yako chini na nyuma ambako kamera haikupelekwa. Lakini ni hayo mashimo yatakayoamua kama taa zitawaka siku usiku ukikukuta katikati ya barabara ya kwenda mji wa Sur. Hukumu yangu naitoa mapema: usukani nilioagiza naupa nyota tatu kati ya tano, na kazi ya fundi aliyezipitisha nyaya naipa tano zote.

Pikipiki yenyewe ni Harley-Davidson Sportster 883 ya mwaka 2010, naiendesha hapa Maskati. Usukani wake wa kiwandani ni mfupi, na nyaya za swichi zimebanwa kwa nje kwa vibanio vya plastiki. Kwenye usukani mfupi hazikusumbui, kwa sababu kipande kinachoonekana ni kidogo. Ukiweka wa inchi 12 kwenda juu, ule unaopandisha ngumi karibu na usawa wa mabega, basi kila upande una furushi jeusi linaloshuka juu ya kromu, na pikipiki inaonekana kama mgonjwa aliyetundikiwa dripu. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kuziingiza ndani, na sioni haya kusema ni ya urembo tu. Ya pili ni jua. Hapa kwetu joto la kiangazi linavuka nyuzi 45, na ala nyeusi inayofunika nyaya inakauka, inapauka, halafu inapasuka. Waya ulio ndani ya bomba haupigwi na jua.

Niliagiza usukani kutoka kwa muuzaji wa mtandaoni aliyeko Marekani. Bomba la inchi 1, yaani milimita 25.4 kwa nje, ndio unene wa kawaida wa Harley. Pikipiki nyingi za Kijapani zinatumia milimita 22, kwa hiyo mwenye Yamaha au Honda asikimbilie kitu kwa sababu tu amekipenda kwa macho. Mpaka umenifikia, nililipa riali 78. Halafu ndipo unapogundua kwamba usukani ndio rahisi kuliko vyote. Usukani ukipanda, kila kinachoufuata lazima kirefuke: kebo ya klachi, kebo mbili za akseleta (Sportster ina ya kufungua na ya kurudisha), mpira wa breki ya mbele, na nyaya. Hivyo vyote kwa pamoja vilizidi bei ya usukani. Muuzaji hakuliandika hilo popote, wala simlaumu sana, lakini anayesoma hapa na alijue.

Sasa mashimo. Kuna mawili juu, moja kila upande karibu na pale swichi zinapokaa, na mawili chini katikati, karibu na pale usukani unapobanwa. Yale ya chini yamekaa vizuri, yanatazama ardhini, na hilo ni jambo la maana: ukiosha pikipiki maji yakaingia kwa juu, yanatoka kwa chini bila kutuama. Yale ya juu yametobolewa ndani zaidi kuliko inavyotakiwa. Shimo likikaa sawasawa, waya unatoka kwenye kasha la swichi na kuzama moja kwa moja, huuoni. Kwangu unaonekana kidogo, kama sentimita mbili, kabla ya kuingia. Nyota moja imekwenda hapo.

Nyota ya pili imekwenda kwenye kingo. Nilipitisha kidole kwenye shimo la chini na kidole kikarudi na mchubuko. Chuma kilitobolewa, kikapakwa kromu, na hakuna aliyepitisha tupa. Kwenye maelezo ya bidhaa paliandikwa kwamba usukani uko tayari kufungwa. Tayari kwa nani? Usukani umeungana na chasisi, na chasisi ndiyo hasi ya betri. Waya wenye moto ukisuguliwa na ukingo mkali mpaka plastiki yake ikaisha, ukagusa bomba, fyuzi inakatika hapo hapo. Na injini ya Harley inatikisa. Tangu 2004 ile ya Sportster imekalishwa juu ya mipira, kwa hiyo mtikisiko umepungua kulinganisha na za zamani zilizofungwa moja kwa moja kwenye chasisi, lakini haujaisha, na msuguano haulali.

Kazi nilimpelekea Ami, Mzanzibari mtu mzima mwenye karakana yake upande wa Wadi Kabir. Tunamwita Ami sote, waliozaliwa huku na waliokuja juzi. Kabla yake nilipita karakana nyingine nikaambiwa watakata nyaya, wazipitishe, waunganishe kwa tepu, jioni nije kuchukua pikipiki. Nikashukuru nikaondoka.

Ami aliushika usukani, akaupeleka kwenye mwanga, akachungulia mashimo moja moja.

“Mwanangu, huu umeununua mpya?”

“Mpya, Ami.”

“Basi tuumalize kuutengeneza.”

Akachukua tupa ya mviringo, akafuata na msasa, akalainisha kingo zote kwa nje na kwa ndani, kisha akapuliza bomba kwa upepo wa kompresa mpaka chenga za chuma zikatoka. Sehemu zilizobaki bila kromu alizipaka rangi nyembamba zisishike kutu. Sisi tunaishi na hewa ya bahari. Nikamwambia, shimo la chini la kushoto naliona dogo, kwa nini asiliongeze kwa drili. Akakataa kabisa. Pale karibu na vibanio ndipo usukani unapobeba uzito wa mwili wako ukishika breki kwa ghafla. Ukipunguza chuma pale umeukaribisha ufa. Kwa hiyo kama unafikiria kununua usukani usio na mashimo ukatoboe mwenyewe uokoe riali kumi, sikia neno la mtu aliyeziona zilizokatika: usifanye.

Ufunguaji wenyewe una siri moja ambayo mafundi wengi wa pikipiki ndogo hawaijui. Upande wa kulia, kabla ya kulegeza kasha la swichi, Ami alikunja kadibodi ikafika unene wa kama milimita nne, akaichomeka kati ya wenzo wa breki na kishikio chake. Ndani ya kasha kuna kiswichi cha taa ya breki chenye kijiti chembamba cha plastiki, na ukilivuta kasha huku wenzo umeachiwa, kijiti kinavunjika. Kadibodi inauzuia wenzo usirudi. Hasi ya betri ilikuwa imeshafunguliwa kabla ya yote hayo.

Nyaya za swichi zinashuka hadi chini ya tangi na kuishia kwenye soketi mbili, ya kushoto na ya kulia. Soketi hazipiti ndani ya bomba hata ukisali, kwa hiyo kila pini inatolewa kwenye soketi yake. Hapa ndipo pesa yangu ilipokwenda, na nililipa kwa furaha. Ami alipiga picha kwa simu kila upande, halafu bado akachora soketi kwenye karatasi na kuandika rangi ya kila waya kwenye tundu lake. Harley ina mpango wake wa rangi: nyeupe ni mwanga wa juu, njano mwanga wa chini, zambarau indiketa ya kushoto, kahawia ya kulia. Nyaya za kurefushia nilizonunua zilikuwa na rangi hizo hizo na unene ule ule, nami nasisitiza mtu atafute za namna hiyo. Kuna wanaorefusha kwa waya mwekundu mtupu kwa zote kumi na kitu, na fundi atakayekuja baadaye atawalaani.

Kuunga: alilehemu, hakutumia vile vibano vya kuminya. Nilimuuliza kwa sababu nimesoma kwamba lehemu inaufanya waya kuwa mkavu, ukakatika pembeni ya kiungo ukitikiswa. Alisema ni kweli kwa waya unaoning'inia. Ndani ya bomba zimejazana, hazina pa kuchezea, na vibano ni vinene mno kwa nafasi iliyopo. Mimi naona ana hoja, ingawa najua wapo watakaobisha. Muhimu zaidi ni kwamba hakuviweka viungo mahali pamoja. Alivipishanisha, kila kimoja sentimita mbili tatu kutoka kwa mwenzake, akahakikisha vyote vinaangukia kwenye sehemu ya bomba iliyonyooka, si kwenye kona. Kila kiungo kikavalishwa mpira mwembamba unaosinyaa kwa moto. Ile ala nyeusi ya asili iliondolewa kwa sababu ingekula nafasi yote; akarudisha vipande vifupi tu pale nyaya zinapopita kwenye mashimo.

Kisha kuvuta. Bomba la inchi moja likitoa unene wa chuma chake linabakisha nafasi ya milimita 19 hivi, na kuna kona. Ami alifunga kipande kidogo cha sponji kwenye mshipi wa kuvulia samaki, akakiingiza shimo la juu, na kwenye shimo la chini akaweka mdomo wa mashine ya kufyonza vumbi. Sponji ikafyonzwa, ikatokea chini na mshipi wake. Nimeona watu wakihangaika na waya mgumu wa chuma kwa muda mrefu kwa kazi hiyo. Kwa mshipi akavuta kamba imara zaidi, na kwa kamba akavuta nyaya, zimefungwa moja nyuma ya nyingine ili kichwa kiwe chembamba, zimepakwa sabuni ya maji. Mimi nasukuma kwa juu, yeye anavuta kwa chini.

“Zikigoma usivute. Rudisha nyuma, zungusha, njoo tena.”

Ziligoma kwenye kona ya kushoto. Akazirudisha zote nje, akazigawa mafungu mawili, zikapita. Hapo ndipo lile shimo dogo alilokataa kulitanua lilipopatiwa dawa.

Kabla ya kufunga chochote alirudisha pini kwenye soketi na tukajaribu kila kitufe: honi, mwanga wa juu na wa chini, indiketa zote, starta, swichi ya kuzima injini, taa ya breki. Halafu akawasha injini na kuukata usukani mpaka mwisho kushoto na mpaka mwisho kulia, sikio liko kwenye mlio. Mlio ukipanda wakati unakata kona, kebo ya akseleta imevutika, na hiyo si pikipiki ya kutoka nayo. Wangu haukupanda. Kilichochukua muda kuliko nyaya zote kilikuwa kutoa hewa kwenye mpira mpya wa breki, lakini hiyo ni habari nyingine. Niseme tu kwamba kopo lake la mafuta ya breki limeandikwa DOT 4, yaani aina ya mafuta hayo, na DOT 5 ni ya silikoni, hazichanganywi.

Gharama ya kazi: riali 45 kwa nyaya, na breki na kebo juu yake. Wengine wameniambia ni nyingi. Nimepita nayo msimu wa joto, nimekwenda nayo Quriyat na kurudi, nimeiosha mara kwa mara, na hakuna taa iliyowahi kupepesa. Mikono iko juu na mgongo umenyooka, ingawa ukipita kilomita 100 kwa saa kifua kinageuka tanga, na hilo halina uhusiano na nyaya.

Kasoro ya mpango mzima ni moja, nayo haikwepeki. Swichi ikifa, huwezi kuibadilisha kando ya barabara. Waya ulioko nje unaufuata kwa macho. Ulioko ndani unautafuta kwa mita ya umeme, ukiwa umekwisha kulivua tangi. Ami aliacha mshipi ndani ya kila upande, ncha zake zimefichwa kwenye kasha la swichi na chini ya vibanio, ili siku hiyo ikifika pawepo pa kuanzia. Mtu anayesafiri mbali peke yake na hapendi kushughulika na umeme, mimi ningemshauri aache nyaya nje, azivalishe ala mpya na vibanio vizuri, basi.

Usukani huu nisingeununua tena kwa muuzaji yule. Aina yenyewe naipenda, lakini mwulize muuzaji akupigie picha ya mashimo kwa karibu na akupimie umbali kutoka ncha ya bomba hadi shimo la juu. Akisita, nenda kwa mwingine. Na angalia mwaka wa pikipiki yako kabla ya kuagiza nyaya za kurefushia. Nilizotumia mimi ni za swichi za zamani. Sportster za 2014 na kuendelea swichi zake zinapeleka ishara kwa mfumo wa CAN, yaani mtandao ambao vifaa vingi vinawasiliana kwa nyaya za pamoja, nyaya zake ni chache na kifurushi chake ni kingine kabisa. Harley kubwa za safari tangu 2008 akseleta yake ni ya umeme, kihisi chake kinakaa ndani ya ncha ya kulia ya usukani, kwa hiyo bomba lazima liwe limechongwa kukipokea, na nyaya zake nazo zinadai nafasi mle mle.