Pesa ya nyumbani ikufikie India: njia ya kutegemea, njia ya akiba na njia ya kukimbia

Kijana akishapata chuo Pune, Bengaluru au Chandigarh, mazungumzo ya nyumbani huwa ya viza, tiketi na blanketi. Suala la pesa huahirishwa mpaka mwezi wa kwanza uishe, ndipo simu zinaanza: "Mama, kadi imegoma." Kwa anayemsindikiza mgonjwa Chennai au Delhi hali ni nzito zaidi, maana hospitali inasubiri malipo ya awali kabla ya kumpangia daktari siku.

Kipimo changu ni hiki: kwa shilingi zilizotoka nyumbani, ni rupia ngapi zitafika mkononi mwako, na lini. Makato ya kutuma yasikutoshe. Kuna wanaotangaza makato madogo kisha wakajilipa kwenye kiwango cha kubadilisha fedha, na hiyo haiandikwi popote kwenye risiti kama makato. Anayetuma aulize dirishani: "Nikitoa milioni moja, kule wanapokea rupia ngapi kamili?" Akishapata jibu, aende kuuliza na dirisha la pili.

Nafasi ya kwanza: akaunti ya India yenye jina lako

Kwa mwanafunzi wa mwaka au zaidi, hii haina mpinzani. Mgeni hufunguliwa akaunti ya aina ya NRO, yaani akaunti ya rupia ya mtu asiye mkazi. Utatakiwa kuwa na pasipoti yenye viza, barua ya udahili, picha na uthibitisho wa makazi. Huna kadi ya kodi ya PAN? Utajaza fomu ya tamko badala yake. Wengi hukwama kwenye makazi, kwa sababu hosteli haijatoa barua na mwenye nyumba hataki kuandikishana mkataba. Hapo ujue haki yako: Benki Kuu ya India imeruhusu benki zimfungulie mwanafunzi wa kigeni akaunti kwanza, kisha alete uthibitisho wa anwani ndani ya siku 30. Katika muda huo akaunti haipokei zaidi ya dola 1,000 kutoka nje, na kuna kikomo cha jumla cha rupia 50,000. Karani wa tawi dogo huenda hajawahi kumhudumia Mtanzania wala Mkenya. Usibishane naye, omba kwa upole kuonana na meneja, au nenda tawi lililo ndani ya chuo au jirani yake, ambako wamezoea wageni.

Viza ya zaidi ya siku 180 inakutaka ujiandikishe FRRO, ofisi ya kuandikisha wageni, ndani ya siku 14 tangu uingie, na kazi hiyo inafanyika mtandaoni. Ifanye mapema, kwani karatasi yake benki wataiulizia.

Faida kubwa ya akaunti ni UPI, mfumo wa malipo ya simu ulioanza 2016. Muuza chai ana kibao cha QR, dereva wa bajaji anacho, hata mama wa mboga ana karatasi imegandishwa kwenye mzani. Unaskani, unaweka namba ya siri, umemaliza, bila makato kwako. UPI ya kawaida inataka akaunti ya India na laini ya India iliyosajiliwa nayo. Bila hivyo utakuwa unazunguka na noti ya 500 kumtafuta mwenye chenji.

Sasa pesa inaingiaje humo? Kiasi kikubwa kitumwe benki kwa benki kwa SWIFT, mtandao wa benki wa kimataifa. Mzazi aende na barua ya udahili na ankara ya chuo. Kwenye fomu aangalie sehemu ya nani anabeba gharama. Akichagua SHA, yaani gharama kugawanywa, benki za katikati zinaweza kumega njiani, na pesa ikafika pungufu. Kwa ada hilo ni tatizo, kwa sababu chuo kitaandika kwamba hujamaliza kulipa. Achague OUR, gharama zote zibaki upande wa mtumaji, na ada yenyewe iende moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo bila kupitia kwako. Bank of Baroda ina kampuni tanzu Tanzania na Kenya, na Bank of India ina kampuni tanzu Tanzania na matawi Kenya. Ukiwa na akaunti kwenye mojawapo kule India, mzazi aanze kuulizia huko, kisha alinganishe na benki yake.

Nafasi ya pili: Western Union na wenzake

Kwa pesa ya matumizi, na hasa siku umefulia na kesho kuna kodi, njia hii ya kampuni za kutuma pesa inawahi kuliko zote. Mkenya anaweza kutuma kwa simu kupitia M-PESA Global. Mpokeaji anakwenda kwa wakala na pasipoti na namba ya muamala yenye tarakimu 10.

India ina mipaka yake. Muamala mmoja hauzidi dola 2,500, mtu mmoja hapokei zaidi ya mara 30 kwa mwaka, na fedha taslimu mwisho ni rupia 50,000. Kinachozidi hulipwa kwa hundi au huingizwa kwenye akaunti. Familia yenye mazoea ya kutuma vidogo vidogo kila wiki itagonga ukuta kabla mwaka haujaisha. Afadhali mtume mara moja kwa mwezi.

Na majina! Pasipoti imeandikwa Neema Joseph Mushi, baba ametuma kwa Neema Mushi, wakala anakataa. Mpigie mtumaji picha ya ukurasa wa pasipoti, ajaze kama ulivyo, herufi kwa herufi.

Nafasi ya tatu: kadi ya benki ya nyumbani

Visa au Mastercard yako itakuokoa wiki za mwanzo, lakini usiifanye tegemeo. Kila ukitoa pesa unakatwa na benki ya nyumbani, mara nyingi na mwenye mashine, na kiwango cha kubadilisha hukichagui wewe. Mashine nyingi za India humpa mwenye kadi ya kigeni rupia 10,000 kwa mara moja. Hospitali ikitaka rupia 100,000, ni kutoa mara kumi, makato mara kumi, na kikomo cha siku kikufunge katikati.

Mashine au kifaa cha dukani kikikuuliza ukatwe kwa shilingi au kwa rupia, chagua rupia. Ukichagua shilingi, mwenye kifaa ndiye anayepanga kiwango, na hakipangi kwa faida yako.

Kabla ya kuondoka, iambie benki ifungue matumizi ya nje ya nchi, na uwashe rominga ya kupokea ujumbe. Namba za uthibitisho zinakuja kwenye laini ya nyumbani. Laini isipotumika muda mrefu inafungwa na baadaye anapewa mtu mwingine. Beba simu ya laini mbili, na nyumbani wakuwekee vocha.

Nafasi ya nne: dola mkononi

Beba za kuanzia, noti safi zisizochanika wala kuandikwa. Ukiingia India na zaidi ya dola 5,000 za noti, unatakiwa kutoa tamko forodhani. Uwanja wa ndege badilisha za teksi na chakula tu. Mjini kiwango ni bora. Dai risiti, kwa sababu utaihitaji ukitaka kugeuza rupia zilizobaki.

Kwa wasindikizaji wa wagonjwa mpangilio unabadilika. Wiki chache hazitoshi kuhangaikia akaunti. Omba makadirio ya gharama kutoka dawati la wagonjwa wa kimataifa, familia itume benki moja kwa moja kwa hospitali, na wewe ubaki na dola na kadi kwa chakula na chumba. Maelezo ya akaunti yakija kwa barua pepe, piga simu hospitali kwa namba uliyoitafuta mwenyewe na uyahakiki kabla ya kutuma hata senti.

Isiyo na nafasi: kubadilishana kienyeji

Utaambiwa: "Mzee wako ampe ndugu yangu shilingi Kariakoo, mimi nikurushie rupia." Inavutia, na mara nyingi anayekwambia ni mtu wa kwenu unayemheshimu. Ndugu yangu, kataa. Sheria ya fedha za kigeni ya India hairuhusu, na rupia hizo hujui zilikotoka. Zikiwa za utapeli wa mtandaoni, polisi huagiza akaunti iliyozipokea izuiwe, na akaunti hiyo ni yako, mwanafunzi mgeni mwenye viza ya kulinda na mtihani wa wiki ijayo. Anayetaka kuazima akaunti yako "apitishie pesa" naye mpe jibu hilo hilo, hata kama mnalala chumba kimoja.

Jambo la mwisho ni kalenda. India iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa mbili na nusu, na benki zake hufungwa Jumamosi ya pili na ya nne ya kila mwezi. Mzazi akijaza fomu Dar es Salaam Ijumaa mchana, kule wanafunga hesabu. Ajaze Jumatatu au Jumanne asubuhi, na kwa ada aanze wiki mbili kabla ya tarehe ya chuo.