Kiwanja cha Buswelu: kimepimwa kweli, ila jiwe hawakulitaja

Nauza dagaa soko la Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza. Miaka kumi na moja nimepanga Mabatini, chumba kimoja ubavuni mwa kilima, mpaka mwaka jana nikajipinda nikanunua kiwanja Buswelu kwa jamaa wanaouza kwa malipo ya awamu. Jina lao naliacha.

Nianze na haki yao. Kiwanja kimepimwa. Bikoni zote nne za mipaka zipo, namba zinasomeka, na nilipozipeleka kwa watu wa ardhi manispaa zikakubaliana na ramani. Kwa jinsi watu wanavyolizwa na viwanja hewa, hilo si dogo.

Sasa jiwe. Walinipeleka kuona wakati wa masika, majani yananifika kifuani, likachungulia mgongo tu kama kiboko majini. Tulipofyeka, lilikuwa kubwa kuliko chumba changu cha Mabatini. Nikawapigia simu.

“Mama, huo si ndio msingi wa bure!” Wakacheka wenyewe.

Nikaita waponda kokoto. Mzee wao alilizunguka, akaligonga kwa nyundo huku ametega sikio, akasema, “Mayu, lina mshipa hili, litakubali.” Wakalichoma kwa magogo na matairi makuukuu siku mbili, usiku wa pili likalia kama bati limeangukiwa na embe. Kokoto zilitosha zege lote la msingi, kwa hiyo wale jamaa hawakudanganya sana. Ila bure haikuwa: nililipa vibarua, na wiki tatu fundi wangu alikaa tu.

Buswelu yenyewe inajengeka vibaya mno. Tangu Ilemela iwe manispaa mwaka 2012 na ofisi zake kuwa huku, kila upande ni tofali. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 343,001 Ilemela nzima. Ya 2022 ikakuta 509,687. Nawaamini, maana asubuhi wote wanagombea Hiace moja na mimi. Maji ya bomba yameishia mtaa wa jirani, sisi bado ni madumu, na ziwa lote lile!

Nyota tatu. Ingekuwa nne wangenipeleka kiangazi.

Kipande cha jiwe kilichobaki nimekataa kisivunjwe. Ni bapa, jua linakipiga kutwa, na dagaa wakinilowea njiani ndipo ninapowaanika.